Vipande 108 bila namba 21: kisa cha Maalim na vifaa vyake vya gari, Pemba

Mwenye kisa ameniruhusu nikieleze ili wengine wafaidike. Nimeficha jina lake, kijiji chake na mambo mawili matatu ya kumtambulisha. Namba za spana, bei alizolipa na makosa yetu, yake na yangu, nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Mwenye gari na gari lenyewe

Maalim anasomesha skuli moja kaskazini mwa Pemba. Ana watoto wanne, na shamba dogo la mikarafuu aliloachiwa na marehemu baba yake. Gari lake ni Toyota Probox, injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, gari la kazi ambalo ukikaa barabarani dakika kumi hapa kwetu utaliona likipita mara kadhaa. Siku za kawaida huendea skuli. Msimu wa karafuu viti vya nyuma hulazwa, magunia hupandishwa, na safari huwa ni kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar.

Anayeijua Pemba anajua kwamba si tambarare kama Unguja. Barabara zetu hupanda vilima na kuteremka mabonde, na gari lililobeba magunia likiteremka, breki ndiyo roho ya dereva. Pedi za mbele za gari la Maalim zilikuwa zimeanza kupiga kelele. Fundi aliyekuwa akimtengenezea kijijini alikuwa amehamia Unguja, na mimi, fundi aliyebaki, niko mjini Chake Chake, kwa hiyo kila kazi ndogo ilikuwa inamla siku nzima: kulileta gari, kungoja zamu, kurudi usiku.

Ndipo alipokata shauri kununua vifaa vyake. Alikuwa na safari ya Unguja, pesa za karafuu ziko mfukoni, akanipigia simu: "Fundi, nataka vifaa vya kutengenezea gari nyumbani. Ninunue nini?"

Nilikuwa nimelala chini ya gari la mtu, simu nimeishika kwa vidole viwili kwa sababu ya oili. Nikamwambia: "Maalim, pita sokoni Darajani, utaona maboksi ya spana. Chukua lenye vitu vingi, umalize tabu."

Hilo ndilo jawabu nililompa mtu aliyeniuliza kwa adabu na kwa nia njema. Lilichukua muda mfupi kuliko kufunga nati moja. Yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Alilolinunua

Alirudi na boksi la plastiki lenye vipande 108, lililomgharimu shilingi 190,000. Alilipakia kwenye meli mpaka bandari ya Mkoani, na watoto wakalifungua ukumbini kama sanduku la Idi. Kwa macho lilipendeza: kila kipande kina shimo lake, kila kitu kinang'aa, kila soketi, vile vikombe vya kuvika juu ya nati, imepigwa muhuri wa Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi.

Jeki hakununua. Gari lilipofika kutoka Japani halikuwa na jeki wala spana yake ya tairi, na Maalim alikuwa akitumia jeki ya mkasi aliyopewa na jirani, ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Stendi za kusimamishia gari hakuzifikiria. Mimi nami sikumtajia.

Jumamosi mbili

Jumamosi ya kwanza alibadilisha oili. Bolti ya kumwagia ina kichwa cha milimita 14, na 14 ilikuwemo. Filta ilifunguka kwa mkono. Akatia oili mpya lita 3.7, ndicho kipimo cha injini ile pamoja na filta, akasubiri, akachungulia kijiti, sawasawa. Kazi ilipita salama, na hilo likampa moyo.

Jumamosi ya pili alitaka kubadilisha pedi za mbele. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Gari aliliweka pembeni ya nyumba, chini ya mwembe, kwenye ule udongo mwekundu ambao ukilowa hunata kwenye viatu. Msaidizi wake alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka kumi na sita.

Alianza upande wa kushoto. Alitafuta soketi ya kuingia kwenye nati za tairi. Ya 19 haikuingia. Iliyofuata kwenye boksi ilikuwa 22. Nati za gari lile ni 21, na 21 haikuwemo. Akaivika 22, ikacheza kidogo, akaona inatosha. Nati zilikuwa zimekazwa kwa mashine ya upepo na fundi wa pancha, kwa hiyo hazikutikisika. Akatafuta kipande cha bomba la maji, akalivika kwenye mpini wa racheti, akakanyaga.

Nati ya kwanza ikalegea. Ya pili ikalegea. Ya tatu soketi ikaruka. Alipoinama kuiangalia, kona zake zilikuwa zimelainika kama kipande cha sabuni cha juzi. Akajaribu ya nne, nayo ikawa hivyo hivyo, na mara hiyo meno ya ndani ya racheti yakakatika. Mpini ukawa unazunguka mbele na nyuma bila kushika kitu.

Hapo ndipo pa kusimama. Lakini mtu ambaye asubuhi yake imeshapotea hutaka angalau jioni apate kitu, na Maalim akahamia upande wa kulia. Nati za upande huo hazikukazwa sana. Zilifunguka kwa ile 22 na mpini wa T uliokuwemo kwenye boksi. Akapandisha gari kwa jeki ya mkasi, akatoa tairi.

Mzee mmoja wa jirani alikuwa anapita kutoka shamba. Akasalimia, akaangalia, akasema: "Maalim, hilo tairi usilitupe huko. Lilaze chini ya gari." Maalim akalisukuma chini ya ukingo wa mlango, kwa heshima ya mzee zaidi kuliko kwa kuelewa.

Kalipa ya breki ya gari hili, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imefungwa kwa bolti mbili za kichwa cha 14, na kila bolti imeingia kwenye pini inayoteleza. Ukizungusha bolti, pini nayo huzunguka, kwa hiyo lazima uishike kwa spana mdomo nyembamba ya 17 huku unafungua ile 14. Boksi la vipande 108 halikuwa na spana mdomo hata moja. Soketi haiwezi kuingia pale. Pini ina bapa mbili za kushikwa kwa ubavu tu. Maalim akampa kijana koleo, akamwambia aibane pini. Kijana akaingiza mkono wote ndani ya bawa la gari. Maalim akavuta 14 kwa nguvu zake zote, kwa kulivuta gari upande wake.

"Ami, gari linakwenda!"

Kijana alichomoa mkono. Jeki ilikuwa imezama upande mmoja kwenye tope, ikainama, ikalala. Gari likashuka na kutua juu ya tairi lililolazwa. Kati ya diski na ardhi ilibaki nafasi ya kiganja kimoja kilichosimama wima. Koleo lilibanwa kati ya kalipa na chuma cha bawa, likapinda.

Maalim alinipigia saa saba mchana. Alisema: "Fundi, njoo. Hakuna aliyeumia, lakini njoo."

Tulivyolifungua

Nilifika baada ya alasiri. Kitu cha kwanza kilikuwa kulihamisha gari, si kulitengeneza. Tuliliinua kwa jeki yangu ya magurudumu juu ya ubao mnene, tukafunga tairi la kulia kwa muda, tukalisukuma mpaka kwenye sakafu ya saruji mbele ya banda. Tukaweka kabari za mawe kwenye magurudumu ya nyuma, hendibreki juu, kisha nikainua tena na kulikalisha kwenye stendi zangu mbili. Nikalitikisa kwa mabega kabla mtu yeyote hajaingiza hata kidole.

Zile nati mbili zilizolika nilizitoa kwa soketi ya inchi 13/16, yenye kona sita. Upana wake ni milimita 20.6, nyembamba kidogo kuliko nati, kwa hiyo niliipigilia kwa nyundo mpaka ikaingia kwa kung'ang'ania, nikazungusha kwa mpini mrefu taratibu. Zilitoka. Nikaweka mpya, uzi wa milimita 12 kwa hatua ya 1.5, zilikuwamo kwenye kopo langu.

Pistoni ya kalipa ilibidi irudishwe ndani ili pedi mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi. Kwa kazi hiyo kuna kifaa chake, lakini nilimtuma kijana kwa seremala wa karibu akaazime jiriwa ya mkono. Tukaweka pedi kuukuu juu ya pistoni, tukakaza jiriwa pole pole huku Maalim anaangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike, maana yale mafuta yakimwagika kwenye rangi huila. Kabla ya kuwasha gari nikamwambia akanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza ilizama mpaka chini, akaniangalia kwa hofu. Ndivyo inavyokuwa: pistoni iko mbali na pedi, lazima irudishwe mahali pake kwa pedali. Anayesahau hilo hutoka nyumbani bila breki.

Maamuzi tuliyoyafanya juu ya mkeka

Baada ya magharibi tuliukunjua mkeka, tukamwaga boksi lote, tukahesabu. Vichwa vidogo vya bisibisi 46. Soketi za inchi 22. Soketi za milimita 24. Spana za L 8. Mipini, racheti na vya kurefushia 8. Gari la Kijapani lote ni la milimita, kwa hiyo soketi 22 zilikuwa hazina kazi pale. Zaidi ya hapo ni za hatari, kwa sababu ya nusu inchi ni milimita 12.7 na mtu akiwa na haraka huivika kwenye bolti ya 12, ikaingia, na kona zikaenda.

Kisha tukatoka na tochi mpaka kwenye gari. Nilimuuliza Maalim kazi gani hasa anataka kuzifanya mwenyewe mwaka huu. Akataja tano: tairi, oili, pedi za mbele, plagi, betri. Tukaligusa kila bolti la kazi hizo na kuandika namba yake kwenye karatasi ya daftari la skuli. Betri, 10. Koili zilizo juu ya plagi, 10. Plagi zenyewe, 16. Oili, 14. Kalipa, 14 na 17. Tairi, 21. Mkanda wa jenereta tuliuangalia pia, ukatupa 12. Namba sita tu: 10, 12, 14, 16, 17, 21. Magari ya Kijapani huruka hivyo, kutoka 10 kwenda 12 kwenda 14 kwenda 17. 13 na 15 utazikuta zaidi kwa Wajerumani.

Kwenye ile karatasi ndipo tulipoamua. La mwanzo kabisa lilikuwa stendi, na hapo sikumpa nafasi ya kujadili. Jozi moja ya tani 3, kwa gari lenye uzito wa kama tani 1. Jeki ni ya kuinulia. Kazi yake inakwisha pale gari linapokalia stendi. Tukaongeza jeki ya magurudumu ya tani 2, kwa kuwa ina tumbo pana na haisimami kwa mguu mmoja kama ile ya mkasi, na vipande viwili vya ubao wa kuitandikia. Nilifikiria jeki ya mafuta iliyosimama kama chupa, ni rahisi na ina nguvu, lakini Probox likiwa na pancha hukaa chini na jeki hiyo haipiti.

La pili, tairi. Spana ya msalaba, shilingi 25,000, yenye ncha nne, mojawapo 21. Uzuri wake ni kwamba unavuta kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine, nguvu inazunguka nati badala ya kuipindisha upande.

La tatu, mkono wa kushika nati zilizobaki. Racheti ya inchi 3/8, si kubwa ya kuvunja bolti ndogo wala ndogo ya kuvunjika yenyewe. Soketi zake zote za kona sita. Hili nataka nilieleze kidogo, kwani wauzaji wengi huisifu ya kona kumi na mbili kuwa inaingia haraka. Kuingia inaingia. Lakini ile ya kumi na mbili hushika karibu na ncha za kona za nati, na ncha ndiyo sehemu dhaifu. Ya sita hukandamiza bapa. Kwenye nati mpya hutaona tofauti. Kwenye nati iliyokula chumvi ya bahari miaka kumi, utaiona.

La nne, spana za mkononi, mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili, kwa namba zile zile. Ringi kwa kulegeza na kukaza, mdomo kwa kushikilia na kwa mahali pasipopitika kitu kingine, kama ile pini ya kalipa.

Tulibishana kidogo juu ya spana ya kupimia mkazo, ambayo mafundi huiita toki. Ilikuwa shilingi 150,000 na Maalim aliona ni anasa. Nikamfanyia hesabu kwa penseli. Nati za tairi za gari hili zinatakiwa zikazwe kwa nyutoni mita 103. Mtu wa kilo 80 akikanyaga ncha ya bomba la sentimita 60 anatia karibu 470. Ni zaidi ya mara nne. Stadi, ile bolti inayoshika nati ya tairi, inavutika, uzi unaharibika, na siku ya pancha usiku porini hakuna mwanadamu atakayeifungua. Mwisho tukakubaliana: nyumba tatu za jirani zenye magari zichange 50,000 kila moja, toki iwe ya wote, ikae kwa Maalim.

Tulivyovikataa: mashine ya kusomea kompyuta ya gari, kwa sababu magari ya soko la Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 hayasomeki yote na vile vifaa vidogo vya bei nafuu, na taa ya injini yake haikuwa inawaka. Tulikataa spana ya bomba la breki, kwa kuwa tuliafikiana bomba la breki hatalifungua peke yake. Mita ndogo ya umeme tuliikubali bila mjadala, ni rahisi na betri inapozubaa inakwambia kweli: volti 12.6 injini ikiwa imelala na betri imejaa, 14 au karibu yake injini ikinguruma.

Nikampa sharti moja la dukani. Aende na nati ya tairi na bolti moja ya 14 mfukoni, avike kila soketi kabla ya kutoa pesa, na ikicheza airudishe. Ule muhuri wa Cr-V unaweza kupigwa kwenye chuma chochote.

Miezi sita baadaye

Nimerudi kwake mara mbili tangu wakati huo. Oili amebadilisha tena, plagi amezitoa na kuzirudisha kwa mkono mpaka ziliposhika uzi, ndipo akatumia racheti. Tairi amezibadilishana, za mbele nyuma na za nyuma mbele. Pedi za jirani amezibadilisha yeye, mimi nikimsikiliza kwa simu. Hakuna kazi iliyomshinda kwa kukosa kifaa.

Katika boksi la kwanza anatumia vipande kumi na kitu. Soketi ya 10 ilipasuka kwenye betri, mpasuko wa juu mpaka chini, kama ganda la nazi. Bolti yenyewe haikuwa hata ngumu.

Kutu nayo ilimtembelea. Nyumba yake haiko mbali na bahari, na spana alizoziacha bandani kwenye sakafu zilipata madoa mekundu ndani ya wiki chache. Sasa anazifuta kwa kitambaa chenye oili kidogo na kuzifunga ndani ya kipande cha khanga kuukuu juu ya rafu. Madoa hayajaendelea.

Toki ndiyo iliyonisikitisha. Jirani mmoja aliiazima akaitumia kufungulia nati zilizoganda, kisha ikarudishwa ikiwa imekazwa mpaka namba ya juu, ikakaa hivyo wiki tatu. Kifaa hicho ni cha kukazia tu, na ndani kina springi ambayo lazima ilegezwe mpaka namba yake ya chini kila baada ya kazi. Nilipoilinganisha na yangu kwenye nati ile ile, yao ilibofya, ule mlio wa kusema mkazo umefika, mapema mno. Wanakaza wakidhani wamefika, kumbe bado. Tumeiweka pembeni.

Nikilichambua kisa

Watu waliosimuliwa kisa hiki husema tatizo lilikuwa boksi la bei rahisi. Mimi sikubaliani nao kabisa. Soketi ya 22 ya bei ghali kabisa ingekula zile nati vile vile, kwa sababu nati ni 21. Racheti ghali ingestahimili bomba, na Maalim angevunja stadi badala yake. Kilichokosekana ni mtu kulitazama gari kabla ya kutazama duka. Dakika arobaini tulizokaa na tochi na daftari baada ya ajali zilikuwa zinawezekana wiki tatu kabla yake, na zisingegharimu hata shilingi.

Lawama ya hapo ni yangu. Maalim aliuliza swali sahihi kwa mtu sahihi. Fundi anapoulizwa "ninunue nini", kazi yake ni kurudisha swali: gari gani, kazi zipi, utalisimamisha wapi. Mimi nilijibu kama mtu anayefukuza nzi. Siku hizi mtu akinipigia nikiwa chini ya gari namwambia nitampigia usiku, na usiku nampigia.

Jambo la pili ni mpangilio wa hatari. Boksi lilijaa vifaa vya kufungulia na halikuwa na kimoja cha kushikilia gari. Ndivyo maboksi yote yalivyo, na mnunuzi huchukulia kuwa kama ni la lazima lingekuwemo. Mpaka leo nikiukumbuka ule mkono wa kijana ndani ya bawa napata ubaridi. Kilichouokoa ni mzee aliyepita njia, na tairi lililolazwa ni kinga ya akiba tu, haichukui nafasi ya stendi.

Na makosa yalikuwa yanashikana mkono. Kukosekana kwa spana mdomo ya 17 ndiko kulikomwita kijana na koleo, na ndiko kulikomfanya Maalim avute kwa kulitikisa gari. Mtikisiko ndio uliolaza jeki. Tope ndilo lililoilegeza. Ukimuuliza mtu kwa nini gari lilianguka atasema jeki. Mimi naanza kuhesabu kutoka kwenye spana ambayo haikuwemo.

Kuazima kulitufaa kwa jiriwa na kulitushinda kwa toki, na nimefikiri sana kwa nini. Jiriwa ina mwenyewe, seremala, anayeijua na atakayeikagua ikirudi. Toki ilikuwa ya watu watatu na haikuwa na wa kuiuliza. Tungemteua mmoja awe ndiye anayekaza nati za wote, kifaa kisitoke mkononi mwake, nadhani ingekuwa nzima mpaka leo. Maalim amekubali kazi hiyo kwa toki ijayo.

Juzi amenipigia tena. Anataka kufungua dramu za breki za nyuma, zimeganda, na ameona dukani puli ya kuvutia, anauliza ainunue au la. Nikamwambia asinunue kwanza. Asugue uso wa dramu kwa brashi ya waya atafute matundu mawili madogo yenye uzi. Akakata simu. Baada ya robo saa akanipigia: "Yapo, Fundi, yameziba kutu." Hayo ni ya bolti za uzi wa milimita 8, kichwa 12. Ukizikaza zote mbili kidogo kidogo, huku na huku, dramu hujisukuma yenyewe kutoka. Nimempelekea mbili kwa gari la abiria la asubuhi, na 12 anayo.